VIJANA NA AMANA YA MTAA

Kila mwaka, wazee wetu na ndugu wanachama, kitabu hiki hutoa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Mwaka huu tumeona yafaa kutaja pia mali isiyoandikwa katika daftari la mtunza hazina, nayo ni vijana wetu. Katika mikutano yetu kumekuwa na ubishi: je, vijana wapewe klabu waiendeshe wenyewe, au wakae chini ya mkono wetu hata wakomae? Kabla ya kukata shauri hilo, na tutazame nyuma kidogo, maana mji wa Nairobi umekwisha kulijaribu jambo hili zaidi ya mara moja.

Mwaka wa 1959, nchi ikiwa bado katika Hali ya Hatari, watoto wengi walizurura katika njia za Nairobi bila wazazi wala makao. Mwezi wa Novemba mwaka huo, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Kituo cha Wavulana cha Starehe katika vibanda viwili vya mabati. Wavulana hawakupewa chakula na vitabu tu. Walipewa na baraza. Hapo mvulana yeyote, hata aliye mdogo kabisa, aliweza kusimama mbele ya mkuu wake, akatoa lalamiko au shauri lake, akajibiwa mbele ya wenzake wote. Mtoto aliyezoea kusikilizwa hivyo haogopi tena kusema mbele ya watu. Kisha wakafundishwa kutoa: waliomaliza masomo walikwenda kujitolea katika shule, hospitali na ofisi za umma kabla ya kushika njia zao za maisha.

Miaka 28 baadaye, si mbali na hapo Starehe, jambo jingine lilichipuka katika bonde la Mathare. Watoto wa bonde hilo walicheza mpira wa makaratasi ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba, na takataka zilijaa mitaroni hata maji machafu yakafurika vichochoroni. Mwaka wa 1987 Bob Munro, mtu wa Kanada, alishirikiana na vijana wa huko kuanzisha chama cha michezo kijulikanacho kwa herufi MYSA. Kulikuwa na sharti moja: anayetaka kucheza, kwanza asafishe mtaa wake. Timu iliyoshinda mchezo ilipata alama 3, bali timu iliyotoka na majembe na matoroli ikamaliza kazi ya usafi ilipata alama 6. Kwa hiyo bingwa wa mpira hakuweza kuwa mvivu wa ufagio.

Mwaka wa 1992 wasichana nao waliingia uwanjani, ingawa wengi walidhani kabumbu si mchezo wao. Mwaka huo huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliwatunukia vijana hao heshima yake iitwayo Global 500. Vijana walichagua viongozi wao wenyewe, wakapanga ratiba, wakawafunza wadogo zao na kuamua michezo. Aliyejitolea zaidi alijipatia alama za uongozi, na alama hizo zikaweza kumlipia karo ya shule. Mwaka wa 1994 ikazaliwa timu ya Mathare United, ambayo wachezaji wake walitakiwa pia kuutumikia mtaa. Mwaka wa 1998, ikiwa bado katika daraja la pili, ilitwaa kombe la taifa. Na mwaka wa 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Wahenga walisema kweli: mcheza kwao hutunzwa.

Katika habari hizi mbili twaona fundisho moja. Kijana hapati kujiamini kwa kusifiwa, wala hafunzwi kujitolea kwa kuhubiriwa. Hupata yote mawili kwa kukabidhiwa kazi ya kweli, ambayo akiiacha itaonekana, na akiitimiza itahesabiwa. Yule aliyeona mtaro ukipitisha maji kwa kazi ya mikono yake hatauliza tena mtu kama yeye ana faida gani duniani.

Twajua hofu ya baadhi yetu. Mipira itapotea, mikutano itachelewa, na pengine hata hesabu haitalingana. Lakini je, sisi wenyewe hatukukosea tulipoanza? Wazee husema penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo yatutaka tuwepo karibu. Haisemi kwamba vijana wasiwepo. Griffin hakuliacha baraza lake, na huko Mathare sharti la ufagio halikulegezwa kwa sababu timu ina wachezaji hodari. Kazi ya mzee ni kulinda sharti, na kazi ya kijana ni kuendesha shughuli.

Kwa hiyo twawaomba, wazee na ndugu, mtakapokutana kulijadili neno hili, msiulize tu kama vijana wako tayari kupokea ufunguo wa ukumbi. Ulizeni pia kama sisi tuko tayari kuwapa, tukakaa karibu nao, tukawadai hesabu kwa haki. Sisi tutaondoka, na mtaa utabaki. Afadhali tuwaachie watu waliokwisha kuuzoea utumishi wake.