Italia Ndogo ni yenu, mimi natoka Kisumu Ndogo

Kila msee akija Malindi na simu yake anarudi na video ileile. Aiskrimu, pizza, mzee Mwitaliano ndani ya kaptula, kijana wa bichi anamwaga Kiitaliano kama kazaliwa Milano. Halafu maandishi makubwa juu: "Italia Ndogo." Sawa. Hiyo pizza mimi nimeila tangu sina meno, kwa hivyo leo nisikilizeni kidogo.

Baba yangu ndiye alikuwa anaipika. Mwaka 1989 aliingia kwenye mkahawa wa Mwitaliano mmoja hapa mjini kuosha vyombo. Baada ya muda akapewa unga akande, mwishowe akapewa tanuri. Alisimama mbele ya ule moto mpaka 2020.

Waitaliano wenyewe walifikaje? Wengi mnadhani walifuata bichi. Kumbe kabla ya bichi kulikuwa na roketi. Pale Ngomeni, kilomita kama 30 kaskazini mwa mji, profesa kutoka Roma aitwaye Luigi Broglio alileta mradi wa kurusha setilaiti kutoka majukwaa yaliyosimama baharini. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaruka. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka nyingine, ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani tu. Ikaitwa Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inafikisha miaka 7. Yaani neno letu limezunguka dunia huko juu na shuleni hakuna aliyeniambia! Roketi ya mwisho iliondoka 1988. Wakati huo watalii walikuwa washaijua njia, na pasta ikafuata watu wake.

Menyu ya kina baba ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza pizza na pasta. Ya pili, fupi, iliandikwa "vyakula vya kienyeji": biriani, chapati, samaki wa kupaka, muhogo wa kukaanga. Kienyeji gani sasa? Chapati na biriani zilivuka bahari kutoka upande wa India. Muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno, jamaa za Vasco da Gama aliyetia nanga hapa 1498. Hata nyanya iliyo kwenye pizza, Italia hawakuijua kabla ya Columbus. Karibu ukurasa mzima ni wageni, ni vile tu walitangulia.

Ila mnaona, hao wote wana hadithi kwa sababu walikuja na meli. Kuna waliokuja kwa pingu. Malindi ya leo ilianza upya 1861, chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, ikalimwa mtama na ufuta wa kupakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Waliolima walikuwa watumwa, wengi waliotolewa mbali sana kusini. Sheria iliufuta utumwa hapa mwaka 1907. Wajukuu wao tunapishana nao sokoni kila siku, na hakuna mtaa unaoitwa kwa jina la kwao.

Na sisi Wagiriama je? Hawe, bibi yangu, alikuwa akicheka akisikia tunaitwa "wenyeji". Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wasiwafanyie Waingereza kazi, na 1914 serikali ikawafukuza Wagiriama kutoka kaskazini mwa mto Sabaki, ikawachomea nyumba. Kina Hawe walikuwa upande huo. Sasa fungua ramani uangalie Ngomeni iko ng'ambo gani ya Sabaki. Ndiyo hiyohiyo.

2020 korona ilipozuia watalii, mkahawa ukafungwa. Baba akapewa asante na mshahara wa mwezi mmoja. Miaka 31! Siku ya kubeba vitu nilikwenda kumsaidia, nikazitazama picha za ukutani moja moja. Mwenyewe na wageni wake. Mwenyewe na samaki mkubwa. Mwenyewe mbele ya tanuri, ameshika ule mwiko mrefu wa mbao, anacheka. Baba hayupo hata kwenye moja.

Nilikasirika kuliko yeye. Yeye anasema yule mzee alimfundisha kazi bila kumficha kitu, na hilo ni kweli, sitalikana. Lakini mtu akija leo kuandika historia ya Waitaliano wa Malindi, atazikuta hizo picha na ataziamini.

Sisi tunakaa Kisumu Ndogo. Jina lenyewe linakwambia nani walihamia huku kutafuta kazi, na hao nao hakuna anayewafuata na kamera. Baba amejenga tanuri la udongo kando ya barabara, kushoto mama wa omena, kulia mama wa mahamri. Anauza pizza ya pweza na pilipili, kipande kimoja kimoja, kwa sababu huku nani ananunua nzima? Nilimwambia aandike jina lake kwenye bango. Akasema fundi anatoza kwa herufi. Likaandikwa PIZZA.

Mkipita, njooni kabla ya saa mbili usiku. Ikifika saa mbili pweza ameisha. Na mkishapiga picha ya pizza, geuzeni simu mumpige na yeye.