Ukuta wa Pinki

Kabla ya kuwa shule, Kangubiri Girls hapa Tetu ilikuwa kambi. Serikali ya kikoloni iliiita kambi ya kazi ya Aguthi. Mweru High School, Nyeri hii hii, nayo ilianza hivyo. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952, na baadaye kukawa na msururu wa kambi ambao Waingereza wenyewe waliuita bomba. Mtu aliingizwa upande mmoja, akasukumwa kambi hadi kambi kulingana na jinsi alivyokubali kuungama kiapo, na akibahatika akatokea kwenye kambi ya kazi karibu na kwao. Aguthi ilikuwa mdomo wa bomba hilo kwa watu wa huku.

Kuanzia 2018, kundi la kujitolea la Wakenya na Waingereza liitwalo Museum of British Colonialism, pamoja na African Digital Heritage iliyoanzishwa na Chao Tayiana Maina, wamejenga upya kambi za Aguthi na Mweru kwa 3D. Ukizunguka ndani ya kazi yao unaelewa kitu ambacho kitabu cha historia cha shule hakikukuambia: kambi ilikuwa na ukubwa, ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na upande.

Sisi watatu wa Wamagana tulitaka kitu kidogo zaidi. Filamu ya dakika tatu, kamera ikitembea kimya kati ya mabanda, ya kuonyeshwa kwa watu wa hapa hapa. Dakika tatu kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 4,320. Kompyuta moja ilihitaji kama dakika sita kurenda fremu moja, yaani kuichora hadi ionekane kama picha ya kamera. Piga hesabu: siku 18 bila kulala. Mwenye saiba moja pale sokoni akatukubalia tutumie mashine zake usiku, baada ya watu wa KRA na HELB kwenda nyumbani. Saba zake na laptopu ya rafiki yangu, jumla nane. Siku mbili na kidogo.

Asubuhi ya kwanza orodha ya kazi ilikuwa kijani tupu. Kila fremu imekamilika, hakuna kosa hata moja. Tukacheza video na kambi ikawa inawaka na kuzima kama disko. Fremu moja ina kuta za udongo mwekundu, saba zinazofuata zina kuta za pinki.

Nieleze hapo, kwa sababu hiyo pinki ina historia yake. Mwaka 1974 Ed Catmull, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, aliandika tasnifu iliyoonyesha namna ya kuchukua picha bapa na kuivisha kwenye umbo, kama kitambaa juu ya kiti. Picha hiyo ndiyo teksicha. Tangu hapo umbo na ngozi ni vitu viwili. Faili la jengo linabeba umbo, na kuhusu ngozi mara nyingi linabeba anwani tu: nenda folda fulani, kuna picha jina fulani. Kwenye mashine moja husikii shida. Lakini filamu hazirendwi kwenye mashine moja. Toy Story ya 1995 ilipitia kompyuta 117 za Sun, na kila moja ilibidi ifike kwenye picha zile zile.

Windows ina mazoea yake ya kuipa kila diski herufi, na herufi hiyo haina maana nje ya mashine husika. Kila kompyuta ina C yake, kama kila soko lina hoteli yake inayoitwa Highlands. Teksicha zetu zilikuwa kwenye diski ya nje ya rafiki yangu, herufi E.

“Buda, kwa hizi mashine E ni gani?” akauliza mwenye saiba.

Tukaangalia. Kwenye zile za Windows, E ilikuwa kile kitundu cha kuingizia CD, ambacho hakuna mtu amekifungua tangu watu waache kuchoma nyimbo. Mashine saba zilienda kutafuta ukuta wa Aguthi mahali ambapo haukuwepo, zikakosa, zikapaka pinki na kusema zimemaliza. Tulilijua hilo kwa kuandika pembeni ya kila fremu ya pinki jina la mashine iliyoirenda. Laptopu haikutokea hata mara moja. Ukipata shida kama hii, anzia hapo kabla hujafungua mipangilio yoyote.

Dawa yenyewe ni fupi. Picha zote zikakaa kwenye folda moja kando ya faili la kazi, folda hiyo ikashirikishwa kwenye mtandao, na anwani zikabadilishwa zianzie pale faili lilipo badala ya herufi ya diski. Mashine mbili bado zikagoma. Hizo zilikuwa za Linux, na Linux haioni Ukuta.JPG na ukuta.jpg kuwa kitu kimoja. Tukabadilisha majina yote yawe herufi ndogo.

Ikabaki picha moja: ukuta wa ndani wa chumba cha mahojiano. Hiyo haikuwa kwenye diski yoyote. Jina lilikuwepo, picha haikuwahi kupigwa.

Mmoja wetu akasema tushushe udongo wowote kwenye maktaba za bure, ziko teksicha tamu sana, nani atajua? Nikaenda kumuuliza shosho, ambaye wakati huo alikuwa msichana na kaka yake mkubwa alifungwa.

“Shosho, kuta zilikuwa na rangi gani?”

“Unaniuliza ukuta? Sisi tulikuwa tunaangalia mlango.”

Kuna jambo lililonifanya nikatae ule udongo wa bure. Waingereza walipokaribia kuondoka makoloni yao walichambua mafaili. Yale ya kurithiwa na serikali mpya yaliitwa Legacy, na yale ya kufichwa yaliitwa Watch. Maagizo yalisema faili la Watch likitolewa katikati ya mengine, pacha bandia atengenezwe akae pale pale, ili atakayekuja asione pengo. Mengine yalichomwa. Mengine yalisafirishwa Uingereza, na Kenya ilipoyaomba yarudi, kuanzia 1967, ikakataliwa. Mwaka 2011, wazee wetu wakiwa mahakamani London kudai haki ya mateso ya kambini, wakiwemo Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, serikali ya huko ikakubali kwamba mafaili yako Hanslope Park: kama 8,800 kutoka makoloni 37, karibu 1,500 ya Kenya. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Sasa mafaili hayo yako Kew, mfululizo FCO 141. Hiyo nayo ni anwani, na inafanya kazi vizuri ukiwa London. Ukiwa Wamagana na paspoti huna, ni kama E yetu.

Lakini mimi naona pacha bandia ndiye mbaya kuliko moto. Jivu angalau mtu huliuliza lilikuwa nini. Programu tuliyotumia, Blender, hupaka pinki makusudi, rangi ambayo hakuna fundi wa Tetu angeipaka ukutani, ili usidanganyike. Programu nyingine hukupa nyeusi au kijivu, na katika chumba chenye giza unaweza kupita bila kushtuka. Ule udongo mzuri wa bure ungepita pia. Na baada ya miaka kumi mtoto wa Kangubiri angesema ameona ukuta wa chumba kile kwenye video.

Tulibishana hadi saa tisa usiku. Mwenye saiba, ambaye hakuwa na kura, alisema watu watadhani filamu imeharibika. Tukaongeza sentensi moja mwanzoni, ya Kikuyu na Kiswahili, inayosema pinki ni nini. Fremu 2,311 hadi 2,406, sekunde nne, zimebaki hivyo.