Stata: mota ya sekunde chache iliyoiondoa hendeli

Mtu aliyetaka kuondoka na gari la petroli mwaka 1910 alianzia kazi nje. Alichelewesha kwanza taimingi ya cheche za plagi, akachomeka hendeli ya chuma chini ya rejeta, akaivuta kwenda juu, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine. Akiisahau taimingi, injini ilipiga kinyume na hendeli ikamrudia kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Ajali hizo zilizidi hivi kwamba hadi leo madaktari wanaita aina moja ya mvunjiko wa kifundo cha mkono kwa jina la madereva.

Henry Leland, mkuu wa Cadillac kule Detroit, hakuvumilia. Inasimuliwa kwamba rafiki yake, Byron Carter, alipigwa na hendeli akimsaidia mtu kuwasha gari, na baadaye akafa. Leland akamgeukia mhandisi Charles Kettering wa Dayton, Ohio, amtafutie njia ya kuwasha injini bila hendeli.

Wengi waliamini kuwa mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari. Walikuwa wakipiga hesabu ya mota inayofanya kazi mfululizo. Kettering aliwahi kuunda mota ndogo ya kuendesha mashine za fedha za madukani, akajua kwamba mota ndogo inaweza kulishwa umeme kupita kiasi, mradi iwe kwa sekunde chache kisha ipumzike. Kwangu, huo ndio uvumbuzi wenyewe.

Cadillac za 1912 zikatoka na stata. Ford Model T ilisubiri hadi 1919. Wanawake wengi waliokuwa wakizuiwa na uzito wa hendeli wakashika usukani wenyewe.

Siri hiyo hiyo ya kulishwa umeme mwingi kwa sekunde chache ndiyo inayoeleza magonjwa ya stata. Kwa kuwa inavuta zaidi ya ampia 100 kwa mkupuo, ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri au waya wa ethi uliolegea unatosha kuizima. Ukisikia tiki-tiki-tiki huku taa za dashibodi zikififia, anzia hapo. Ikilia "tak" mara moja na taa bado zina nguvu, shuku solenoidi, yaani swichi yake, au kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota. Fundi akiigonga kidogo kwa spana ikaamka, huenda kaboni zimekwisha, na nafuu hiyo haidumu. Ikizunguka kwa kelele bila kuigusa injini, gia yake ndogo haing'ati flaiwili, gurudumu zito la injini.

Inaniuma kuona mteja akiuziwa stata nyingine kabla betri haijapimwa. Weka mita kwenye betri, mwenzako apige stata: volti zikishuka chini ya 9.6, shughulikia betri kwanza. Na usiishikilie stata zaidi ya sekunde 10. Iache ipoe angalau nusu dakika ndipo urudie, la sivyo waya zake za ndani zitaungua.