Mlingoti, Mchaichai na Neno "Asili": Dawa za Mafua Kyimo

Katika sehemu hii ya mhadhara nakusudia kuonyesha kwamba majina ya dawa za mafua ni kumbukumbu za kihistoria, na kwamba kumbukumbu hizo zinatulazimisha kulitazama upya neno "asili".

Tuanzie Kyimo, wilayani Rungwe, kwenye barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu. Ni nchi ya mvua na baridi, nayo mafua si mgeni huko. Mgonjwa huchemshiwa majani ya mlingoti, akajifunika blanketi na kuvuta mvuke. Kisha hunywa mchaichai wa moto. Hiyo huitwa dawa ya asili.

Mlingoti ni nini? Kwa msemaji wa pwani ni nguzo ya chombo, ishikiliayo tanga. Katika Nyanda za Juu Kusini, mamia ya kilomita kutoka baharini, ni mkaratusi: mti mrefu, ulionyooka, wenye asili ya Australia, ulioenezwa zama za ukoloni kwa ajili ya mbao na kuni. "Mkaratusi" ni jina lililotoholewa kutoka istilahi ya wanabotania; "mlingoti" limetokana na umbo. Aliyeupa mti jina hilo bila shaka alikwisha kuona jahazi, au walau alisimuliwa habari zake.

Mchaichai nao, mmea wa Asia, jina lake halina budi kuwa changa kuliko neno "chai". Pwani iliijua chai mapema kwa njia ya biashara. Kyimo ina tarehe yake. Mwaka 1904 Wajerumani waliotesha chai hapo hapo, miaka miwili baada ya Amani, huko Usambara. Kilimo cha biashara nchini kilianza mwaka 1926.

Je, wanaosema "asili" wanakosea? Sioni hivyo. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Hata hivyo swali si la wanaisimu peke yao. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ilitaja tiba asili na tiba mbadala kama mambo mawili. Tukipima asili kwa chimbuko la mmea, mganga wa Kyimo anayetumia mlingoti atajikuta nje ya tiba asili. Tukiipima kwa mapokeo, yaani nani alimfundisha nani, yumo ndani. Naunga mkono kipimo cha pili, ingawa hakithibitishi kwamba dawa inaponya: mvuke huifungua pua tu, hauui virusi, na maji ya moto huwaunguza watoto.

Kilicho cha kale zaidi katika tiba hii pengine ni jina la chombo. "Nyungu", yaani chungu, ni neno la Kibantu. Mwaka 2020, Rais John Magufuli alipohimiza kujifukiza wakati wa Uviko-19, usemi "kupiga nyungu" ulisikika nchi nzima, hata kwa waliochemshia majani yao katika sufuria.