Ushairi wa besiboli

Ushairi wa besiboli ni mashairi na nyimbo zilizotungwa Marekani tangu karne ya 19 kuhusu mchezo wa besiboli, na hasa kuhusu wanaoushabikia. Katika ushairi wa kale wa michezo mambo yalikuwa mengine. Pindaros wa Ugiriki, karne ya 5 KK, aliwasifu washindi, na waliomlipa walikuwa washindi hao, jamaa zao au watawala kama Hieron wa Sirakusa. Mshairi wa besiboli hakutumwa na mchezaji. Yuko jukwaani, tena mara nyingi upande wa waliofungwa.

Shairi maarufu kuliko yote ni «Casey at the Bat», yaani Casey ashikapo gongo. Mtunzi wake, Ernest Lawrence Thayer (1863–1940), alisoma falsafa Harvard, na shairi lilitoka katika gazeti la San Francisco Examiner tarehe 3 Juni 1888 kwa jina la bandia, Phin. Gazeti lilikuwa la William Randolph Hearst, mwenzake wa chuoni; malipo yalikuwa dola 5. Shairi lina beti 13 za mishororo minne minne. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili ataliona umbo hilo si geni, ila halina kina cha kati: mshororo wa kwanza unalingana mwishoni na wa pili, na wa tatu unalingana na wa nne.

Kisa ni chepesi. Timu ya Mudville, mji wa kubuni, iko nyuma 4–2. Ni zamu yake ya mwisho, wachezaji wawili wameshatolewa, na akitolewa wa tatu mchezo umekwisha. Baadhi ya watazamaji wameinuka kwenda zao. Waliobaki wana ombi moja tu: Casey apate zamu. Kabla yake wapo Flynn na Blake, ambao hakuna anayewategemea, lakini wote wawili wanapiga na kufika vituoni. Sasa pigo moja la kuvusha uzio litaleta alama tatu na ushindi. Mpira wa kwanza Casey anauacha upite, kwa madaha. Mwamuzi anamhesabia kosa, na jukwaani mtu anapaza sauti kwamba mwamuzi huyo auawe; Casey anainua mkono, kelele zinakatika. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu anajaribu kuupiga kwa nguvu zake zote, na gongo linakata hewa: ni kosa la tatu, ametolewa.

Ukilisoma kwa makini utaona Casey hana mengi ya kufanya. Anapojipaka vumbi viganjani, Thayer hamwangalii yeye: anahesabu macho elfu kumi yanayomtazama, na anapojifuta kwenye shati, anahesabu ndimi elfu tano zinazomshangilia. Ubeti wa mwisho hauko hata uwanjani. Unazunguka nchi nzima, kwenye jua, bendi, vicheko vya watu na kelele za watoto, ndipo unarudi katika mji uliofiwa na furaha. Casey alijisikiaje, hatuambiwi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo nguvu yote ya shairi ilipo.

Shairi lilikuwa karibu kusahauliwa pamoja na magazeti ya siku ile. Mwigizaji na mwimbaji DeWolf Hopper ndiye aliyelipa uhai alipolighani katika ukumbi wa Wallack's, New York, Agosti 1888, mbele ya wachezaji wa New York na Chicago. Baadaye alikadiria kwamba amelighani zaidi ya mara 10,000. Hopper alisimulia pia kwamba alipokutana na Thayer mjini Worcester, mtunzi alilisoma mwenyewe kwa sauti hafifu isiyofika mbali.

Wimbo «Take Me Out to the Ball Game» wa 1908 unamhusu msichana shabiki lialia anayekataa kupelekwa kwenye tamthilia, akitaka uwanjani. Jack Norworth, aliyeandika maneno yake, alikuwa hajawahi kuhudhuria mechi ya ligi kuu. Alihudhuria ya kwanza mwaka 1940.

Mwaka 1910 Franklin P. Adams alichapisha katika New York Evening Mail mishororo minane ya malalamiko ya shabiki wa New York Giants. Kilichomkera ni wachezaji watatu wa Chicago Cubs, Tinker, Evers na Chance, waliozoea kuwatoa wapinzani wawili kwa mkupuo mmoja. Tinker na Evers walikaa miaka wakinuniana nje ya mchezo, lakini shairi limewafunga pamoja: mwaka 1946 wote watatu walichaguliwa pamoja kuingia katika jumba la magwiji wa besiboli.

Marianne Moore (1887–1972), mshairi mgumu na msomi, alikuwa mshabiki wa Brooklyn Dodgers. Mwaka 1956, fainali zilipoanza, New York Herald Tribune lilichapisha shairi lake la kuwatia moyo Dodgers, lililojaa majina ya wachezaji na kuelekezwa lisomwe kwa mahadhi ya wimbo wa kubembelezea mtoto. Dodgers walifungwa na Yankees, na baada ya msimu wa 1957 wakahamia Los Angeles. Mwaka 1968 Moore, akiwa na miaka 80, alialikwa kurusha mpira wa kufungua msimu, katika uwanja wa Yankees.