Neno OK Linux inapowaka: Hutoka wapi, na husema nini?

KOMPYUTA yenye mfumo wa Linux inapowashwa, mistari ya maandishi hupita kwa kasi kwenye skrini, kila mmoja ukitaja huduma inayoanzishwa na kuishia kwa neno OK la kijani au FAILED jekundu. Wengi hudhani ni mashine inayojikagua na kutoa hukumu. La hasha! Katika utaratibu wa kale wa uanzishaji, System V, maneno hayo yaliandikwa na skripti za sheli zilizowekwa katika /etc/init.d.

Skripti za Red Hat ziliazima amri zake kutoka faili moja, /etc/init.d/functions. Amri ya echo_success ilisogeza kishale hadi safu ya 60, ikafungua mabano, ikageuza rangi kuwa kijani, ikaandika OK, kisha ikairejesha rangi ya kawaida. Rangi hizo ni nambari tu zinazotumwa kwa skrini: 32 ni kijani, 31 nyekundu, 33 manjano. Katika Debian, log_daemon_msg hutangaza kazi inapoanza, nayo log_end_msg hutoa matokeo.

Hukumu yenyewe hutegemea nambari ambayo kila amri huiacha inapomaliza: 0 ni kufaulu, nyingine yoyote ni kushindwa. Hapo ndipo penye mtego. Huduma nyingi huanza kwa mchakato mzazi kuzaa mtoto wa kufanya kazi chinichini, kisha mzazi hujiondokea akiacha 0. Mtoto akifa sekunde mbili baadaye, pengine kwa kunyimwa ruhusa ya kusoma faili, OK imekwisha kuandikwa, na msimamizi wa seva huenda zake akiamini hifadhidata inafanya kazi.

Kuna pia kosa la waandishi wa skripti wenyewe: kuweka echo baina ya amri na ukaguzi wake. Kwa kuwa echo hufaulu karibu kila mara, nambari inayosomwa huwa ni yake. Yafaa $? ihifadhiwe kwanza, na ujumbe upelekwe pia kwenye kumbukumbu za mfumo kwa amri ya logger, kwani ya skrini hupita yakapotea.

Utaratibu wa systemd, ulioingia Fedora 15 mwaka 2011 na Debian 8 mwaka 2015, hukusanya ujumbe wenyewe, nao husomwa kwa journalctl. Hata hivyo, huduma ya aina ya simple huhesabiwa kuwa imeanza mara tu mchakato wake unapozaliwa. Ya aina ya notify husubiriwa hadi iseme yenyewe kwamba iko tayari.