Kinyonga Hali Chinsaga, Lakini Inamfikia

Wasee, leo ni historia kidogo. Huku Kisii na Nyamira wengi wakiona kinyonga wanatafuta jiwe. Soma hii kabla hujarusha.

Mwaka 1972, mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, Hawaii, aliletewa vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Hao si wa kwetu Gusii, ni wa upande wa Mlima Kenya. Walifika wamekonda, wamekauka. Akawaachilia kwa bustani yake wapate nguvu. Wakapata kweli, wakapotelea vichakani, wakazaana, na mpaka leo wako huko wakimaliza wadudu na konokono wa wenyewe. Kenya ilikomesha biashara hiyo mwaka 1981.

Kwani bustani ina nini ambacho kizimba hakina? Kizimbani chakula cha kawaida ni nyenje wa kununua. Nyenje ana fosforasi nyingi lakini kalsiamu kidogo sana. Kinyonga akila huyo peke yake kila siku, mifupa inalainika, taya linapinda, mguu unavunjika bila kuanguka. Mwaka 1989, Mary Allen na Olav Oftedal walichapisha utafiti wao: mpe nyenje chakula chenye kalsiamu nyingi kabla hajaliwa, na anayemla ataipata kutoka tumboni mwake.

Sasa rudi Gusii. Panzi wa shambani hangoji mtu amlishe. Anajitafutia: nyasi, managu, majani ya chinsaga. Na chinsaga ina kalsiamu nyingi, si ajabu mama aliyejifungua hupikiwa hiyo. Kinyonga hagusi mboga, lakini akimeza panzi aliyeshiba mboga, imemfikia.

Ndiyo maana nasema hivi: kumtoa shambani, kumfungia kwa katoni na kumrushia wadudu wenye njaa si mapenzi, ni kumuua polepole. Tena sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu ufuge mnyama wa porini bila kibali. Na ukipulizia mboga dawa ovyo, panzi atambebea sumu badala ya kalsiamu. Hizo mboga wewe pia unakula.

Wazungu walihitaji maabara kujua mdudu naye lazima ashibe vizuri. Sisi ua wa shamba unafanya kazi hiyo bure, na bado tunatafuta mawe.

Kwenu nani aliwafunza kumwogopa kinyonga?